Ufunguo wa Ukumbi: Jinsi Eastlands Ilivyolea Mabondia na Makocha wa Taifa

Saa kumi na moja jioni, mbele ya kumbi za kijamii zilizotapakaa kati ya Pumwani na Kariobangi, mashariki mwa Nairobi, utawakuta watoto wameketi kwenye ngazi wakisubiri. Wengine bado wamevaa sare za shule. Wengine wameshajifunga bendeji mikononi, zilezile za jana, zilizofuliwa usiku na kuanikwa dirishani. Wanamsubiri mtu mmoja anayetoka kibaruani Eneo la Viwanda au Gikomba, mwenye begi mgongoni na ufunguo mfukoni. Begini mna jozi tatu za glavu. Watoto ni ishirini na watano.

Mlango ukifunguliwa, kwanza wanafagia. Kisha kocha anachukua chaki, anachora mistari sakafuni, na kila mtoto anasimama juu ya mstari wake: mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma kwa upana wa mabega, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo. Nusu saa nzima hakuna anayerusha ngumi. Ni miguu tu, mbele, nyuma, kando, mpaka vumbi la chaki linafutika na kuchorwa tena. Glavu zikitolewa zinakwenda kwa zamu, na anayesubiri zamu yake hapumziki, anapigana na kivuli chake ukutani. Gunia linaloning'inia kwenye boriti limeshindiliwa matambara ya mitumba. Mchanga haufai, kwa sababu huteremka wote chini ukawa mgumu kama jiwe, na mtoto akiupiga anaweza kuvunjika kiganja. Haya hayakuja na kitabu. Kocha aliyafundishwa na kocha wake, naye alifundishwa na wake.

Nimeanza na chaki na gunia kwa sababu historia ya michezo yetu huandikwa kutoka jukwaa la medali kurudi nyuma, na mara nyingi huishiwa na pumzi kabla ya kufika mlangoni pa ukumbi. Ninavyoamini, Kenya iliwahi kuwa na mpango wa taifa wa kulea wanamichezo wa hali ya juu kwa fedha kidogo mno. Haukuandikwa mahali pamoja wala haukuwa na jina. Ulikuwa ngazi, na kila kipago chake kilishikwa na mtu: mwenye ufunguo wa ukumbi, kocha wa klabu, afisa wa michezo wa kampuni au wa jeshi, mwamuzi wa ligi, kocha wa kambi ya taifa. Vipago vilipokamilika, mtoto wa mtaani alipanda mpaka Olimpiki ya Seoul. Vilipong'oka vya katikati, watoto waliendelea kujaa pale chini kama zamani, na huko juu hakuonekana mtu.

Tuanze na fedha za kwanza, maana zilitoka kwenye pombe. Mwaka 1922 baraza la mji wa Nairobi lilifungua kilabu chake cha pombe Pumwani, likajitwalia haki ya kupika na kuwauzia Waafrika, na wanawake waliokuwa wakiishi kwa kupika majumbani wakawa wahalifu kwa amri moja. Faida iliwekwa katika mfuko maalumu wa Waafrika wa mji, na kutoka mfuko huo zikachotwa fedha za huduma za mitaa. Hili lafaa likumbukwe kila mtu anaposema kwamba kumbi za Eastlands zilikuwa zawadi ya wakoloni. Vibarua wa reli, wapagazi na madobi walizilipia kwa senti za glasi ya jioni.

Mitaa yenyewe ilizaliwa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja una jeraha lake. Kariakor ilirithi jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Muthurwa ilikuwa makazi ya wafanyakazi wa reli. Shauri Moyo ilipokea watu waliofukuzwa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930. Kaloleni na Ziwani zikaja katika miaka ya 1940, Bahati na Makongeni zikafuata, na uhuru ulipokaribia Jericho ilikuwa ikiezekwa. Karibu kila mtaa wa baraza ulipangiwa uwanja wa kuchezea na ukumbi, au uliegemea ukumbi wa jirani. Wakazi wenyewe huuita soshal tu.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni iliajiri maofisa wa ustawi wa jamii na kuwapeleka kwenye kumbi hizo. Kijana wa mjini asiye na kazi aliwatia hofu, nao wakataka ashughulishwe kwa ndondi, kandanda, dansi, sinema na madarasa ya jioni, ili siasa zisimfikie. Siasa zilimfikia. Ukumbi wa Kaloleni ukawa mahali pa mikutano iliyowakosesha watawala usingizi. Na mwezi Aprili 1954, Operesheni Anvil ilipozoa makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi, hakuna mtaa wa Eastlands uliobaki kama ulivyokuwa.

Lakini ndondi ilikuwa imeshashika mizizi. Ilikuwa imekuja na jeshi la King's African Rifles, polisi na magereza, ambako makamanda wa Kiingereza waliiona kama shule ya nidhamu. Hii ndiyo njia iliyoipa Uganda bingwa wa uzito wa juu mwepesi aliyeshika taji kuanzia 1951 hadi 1960, askari aitwaye Idi Amin. Nairobi, askari aliyestaafu au aliyekuwa likizoni alirudi mtaani na ujuzi wake, akawaonyesha vijana namna ya kusimama. Ukumbi ulikuwepo, sakafu ilikuwepo, na mchezo wenyewe hauhitaji nyasi wala viatu vya gharama. Kandanda inataka uwanja, na kuogelea kunataka bwawa, lakini kwa ndondi watu ishirini wanatoshea katika chumba cha ukubwa wa darasa. Katika mitaa ambako familia nzima ililala chumba kimoja, hilo si jambo dogo.

Uhuru ulipokuja, jambo la maana zaidi lililofanywa kwa ndondi halikufanywa na wizara ya michezo. Lilifanywa na waajiri. Polisi, ambao timu yao ya ndondi mashabiki waliipa jina la Chafua Chafua, Magereza, Jeshi, Reli, Posta, na baadaye Kenya Breweries, wote walikuwa na timu na wote walitaka kushinda. Kijana aliyefanya vyema ukumbini aliingia mashindano ya wanagenzi, akapanda ya daraja la kati, kisha ya wazi, na huko pembeni mwa ulingo waliketi maofisa wa michezo wa taasisi hizo wakitazama. Kushinda mapambano matatu kungeweza kumpa kazi, mshahara, nyumba, na saa za mazoezi zilizolipiwa. Kwa kijana wa Muthurwa au Mathare hilo lilikuwa kubwa kuliko medali, na medali ilifuata nyuma yake. Kwa serikali gharama ilikuwa ndogo mno, maana kocha wa chini alijitolea, bondia wa katikati alilipwa kama askari au karani, na kambi ya taifa ilifunguliwa kwa wiki chache tu kabla ya mashindano.

Matunda yalionekana upesi. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, Philip Waruinge alichukua shaba na kutunukiwa kombe la Val Barker la bondia mwenye mtindo bora kuliko wote wa michezo ile. Waruinge hakuwa wa Nairobi, alikuwa wa Nakuru, ambako ukumbi wa Madison ulikuwa na desturi hiihii ya kulea kutoka chini, na ushindani kati ya Nakuru na Nairobi uliwanoa wote wawili. Munich mwaka 1972 akarudi na fedha, na pamoja naye Dick Murunga na Samuel Mbugua wakaleta shaba. Medali tatu za ndondi katika Olimpiki moja, kwa nchi iliyokuwa haijatimiza miaka tisa ya uhuru.

Hapa naomba msomaji atazame upande wa pili wa ulingo uleule. Cuba ilimkabidhi Alcides Sagarra timu yake ya taifa mwaka 1964, ikaleta wataalamu kutoka Muungano wa Kisovieti na Ujerumani Mashariki wamsaidie, na kupitia taasisi yake ya michezo iliyoundwa 1961 ikajenga shule za wanamichezo mikoani. Mwaka 1968 Cuba ilipata fedha mbili za ndondi, Kenya shaba moja. Mwaka 1972 Cuba ikachukua dhahabu 3, na mmoja wa washindi hao, Emilio Correa, alikuwa katika uzito uleule ambao Murunga alipata shaba. Tofauti kati yetu na wao mwaka ule ilikuwa pumzi chache. Miaka iliyofuata ikawa bahari. Cuba nayo haikuwa nchi tajiri. Glavu zilichakaa Havana kama zilivyochakaa Pumwani. Ila Cuba ilimtia kocha darasani, ikampa cheti, mshahara na mwongozo mmoja, hata mtoto wa Santiago akafundishwa hatua ileile aliyofundishwa mtoto wa Havana. Sisi tulimwachia kocha wetu begi lake na moyo wake. Moyo huo ulikuwa mkubwa sana, na ndio uliotufikisha tulipofika. Lakini moyo hauandiki mtaala, na mwenye moyo akifa anazikwa nao.

Kisha ikaja misiba ya kisiasa. Kenya ilisusia Montreal 1976 pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini, na ikasusia Moscow 1980 pamoja na Marekani. Sababu ya kwanza naiheshimu mpaka leo. Waliolipia ni watu kama Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 mjini Belgrade katika uzito mwepesi kuliko yote. Bingwa wa dunia, na hakupanda ulingo wa Olimpiki mara hizo zote mbili. Kambi iliendelea hata hivyo, kwa sababu ligi ya nyumbani haikusimama na waajiri hawakufunga timu zao. Los Angeles mwaka 1984, Ibrahim Bilali akaleta shaba.

Ndipo ukafika mwaka 1987, mwaka ambao ningeomba uandikwe kwa herufi kubwa katika kitabu chochote cha Nairobi. Mwezi Agosti Kasarani, uwanja mpya uliojengwa kwa msaada wa Wachina, ilipokea Michezo ya Afrika. Timu ya ndondi, iliyokuwa ikiitwa Hit Squad, ilichukua dhahabu nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, ikiongozwa na kocha ambaye vijana wake walimwita Papa, Eddie Musi. Jina hilo la Papa lina maana yake. Kambi za siku zile hazikuwa na mtaalamu wa lishe, wa saikolojia wala wa kupitia picha za video. Zilikuwa na mzee mmoja anayemjua kila kijana, ametoka ukumbi gani, nani anamtegemea nyumbani, anaogopa nini. Mwezi Desemba mwaka huohuo, katika uwanja uleule, klabu ya kandanda ya Gor Mahia ilitoka sare ya 1–1 na Espérance ya Tunisia baada ya sare ya 2–2 Tunis, ikatwaa Kombe la Mandela kwa bao la ugenini. Usiku ule Jogoo Road haikulala.

Mwaka uliofuata, Seoul, Robert Wangila, mtoto wa Nairobi mwenye umri wa miaka ishirini na moja, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Chris Sande akaongeza shaba. Dhahabu ya Wangila ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imewahi kupata nje ya riadha. Ukijumlisha medali zote za ndondi za Kenya tangu 1968 hadi siku ile, ni 7. Tangu siku ile, hakuna hata moja. Wangila mwenyewe aliingia ndondi za kulipwa, na mwezi Julai 1994 alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano, akiwa na miaka ishirini na sita.

Kandanda ilipita njia nyingine, na sehemu ya kwanza ya njia hiyo nitaipita haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mjerumani Bernhard Zgoll alianzisha vituo vya vijana sehemu mbalimbali za nchi, watoto wakafundishwa kwa mpango mmoja, na Marshall Mulwa, Mkenya, akaichukua timu ya taifa, Harambee Stars, na kutwaa Kombe la Cecafa mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Vituo vikafifia. Kilichojengwa kwa msukumo wa mtu mmoja na ufadhili wa nje kiliondoka navyo.

Sasa turudi 1987, maana mwaka ule Eastlands ilizaa kitu cha tatu, na hakuna gazeti lililokiona. Mathare, bonde lililo upande wa kaskazini wa Pumwani, watoto walikuwa wakicheza mpira wa majuala yaliyofungwa kwa kamba, kando ya chungu za taka. Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira na Umoja wa Mataifa, aliwawekea sharti: nyinyi mfanye kitu, nami nitafanya kitu. Hivyo ndivyo ilivyoanza Mathare Youth Sports Association, inayojulikana kwa ufupi kama MYSA. Ligi yake ilihesabu alama kwa namna ambayo sijapata kuiona kwingine. Timu iliyoshinda mechi ilipata alama 3. Timu iliyomaliza kazi yake ya kusafisha mtaa, kuzoa taka na kuzibua mitaro, ilipata 6. Mtoto aliyetaka ubingwa alilazimika kushika koleo.

Wengi wameisifu MYSA kwa usafi, na sifa hiyo inastahili. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa liliitunuku mwaka 1992. Ila mimi naona kazi yake kubwa ilikuwa kutatua lile tatizo ambalo ndondi haikulitatua, la nani atamlea kocha. MYSA haikuwa na fedha za kuajiri makocha wa mamia ya timu. Ikawafanya watoto wenyewe kuwa makocha, waamuzi, waandaaji wa ratiba na wajumbe wa kamati zilizochaguliwa kwa kura. Msichana au mvulana aliyefundisha timu ya wadogo, aliyechezesha mechi, aliyeelimisha wenzake kuhusu ukimwi, alijikusanyia alama, na alama hizo zikageuka karo iliyolipwa moja kwa moja shuleni kwake. Tazama hesabu hiyo vizuri. Shilingi moja ilisomesha mtoto, ikampatia kocha timu ya wadogo, na ikamwandaa kiongozi wa miaka kumi ijayo. Timu za wasichana zikaanza 1992, na katika miaka ya 2000 idadi ya wachezaji ilipita 20,000. Nimepata kuwaona wavulana wa miaka kumi na tano wakiendesha ligi ya watoto kwa filimbi moja na daftari la kurasa thelathini na mbili, kadi ya njano imekatwa kwenye kasha la unga. Hakuna aliyebishana na refa. Kila mchezaji alijua kwamba kesho yake huenda naye akashika filimbi ileile.

Kutoka humo ikatoka Mathare United mwaka 1994. Ikachukua kombe la taifa 1998 na tena 2000, na ubingwa wa ligi kuu 2008. Tunisia mwaka 2004, Harambee Stars ya Jacob Mulee, tunayemwita Ghost, iliifunga Burkina Faso 3–0, ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na Dennis Oliech, aliyepitia Mathare United, alikuwa mmoja wa wafungaji. Francis Kimanzi, mtoto wa MYSA, alipanda mpaka akawa kocha wa Harambee Stars, tena si mara moja. Kwangu hilo la Kimanzi ni ushahidi mzito kuliko vikombe. Mfumo wa kuzalisha wachezaji unaweza kubahatisha. Mfumo uliozalisha kocha wa taifa umeanza kujilisha wenyewe.

Muthurwa nako, katika nyumba za reli, familia moja ilifanya kazi ya kituo kizima. Noah Wanyama alikuwa amechezea AFC Leopards. Mwanawe McDonald Mariga akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, akiwa Inter Milan. Mdogo wake Victor Wanyama aliifunga Barcelona kwa kichwa mwaka 2012 akiwa Celtic, kisha akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Baba alikuwa na ujuzi, uwanja ulikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na klabu za ligi zilikuwa jirani. Vipago vitatu vilivyokaribiana, na mtoto akapanda.

Sasa vipago hivyo viling'okaje? Havikung'oka siku moja. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipunguza wafanyakazi, mengine yakauzwa, na timu za michezo zikawa za kwanza kukatwa. Bondia aliyemaliza mashindano ya wanagenzi akakuta waajiri waliobaki ni majeshi, polisi na magereza, nao nafasi zao ni chache. Wakati huohuo viwanja viliibwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 iliorodhesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na mkazi yeyote wa Eastlands aliyezidi miaka arobaini anaweza kukuonyesha kwa kidole gorofa iliyosimama pale alipofungia bao lake la kwanza. Kumbi zikaachwa. Paa likivuja, sakafu ya mbao inaoza, na sakafu ikioza mafunzo ya miguu yanakwisha, kwa sababu hakuna mtoto anayejifunza kuteleza kwa wepesi juu ya shimo. Ukumbi mwingine ukakodishwa kwa mahubiri na harusi siku za wiki, na kocha akaambiwa aje saa tatu usiku. Mashirikisho yakagombana. Fifa iliifungia Kenya mwaka 2004, 2006 na 2022, na kila mara aliyeumia kwanza ni kijana aliyekuwa kwenye kipago cha mwisho kabla ya timu ya taifa.

Hata hivyo kazi ya chini haikusimama, na hili ndilo linalonifanya niandike kwa hasira na kwa tumaini pamoja. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Kariobangi ilianzisha Boxgirls, klabu ya kuwafundisha wasichana ndondi, wengi wao wakiwa wametoka katika majuma ya woga ambayo hayasimuliki kwa urahisi. Miaka michache tu baadaye, London 2012, msichana wa Kariobangi, Elizabeth Andiego, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupigana ndondi katika Olimpiki. Gold Coast 2018, Christine Ongare akapata shaba, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda medali ya ndondi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ndondi za wanawake ziliingia Olimpiki 2012, na kumbi zetu zikawa tayari mwaka uleule. Zipo nchi zenye fedha nyingi zaidi ambazo hazikuwahi hivyo.

Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda Sports Kenya na Chuo cha Michezo cha Kenya, na baadaye ukaja mfuko wa michezo. Nyaraka hizo nzuri zinazungumzia vituo vya vipaji, ithibati ya makocha na viwango. Ninachotamani kukiona ndani yake ni kitu kidogo sana: nauli ya kocha wa ukumbi, jioni tano kwa wiki. Ukumlipa yule mwenye ufunguo kiasi cha kumwezesha aache kibarua cha saa za ziada, ukampeleka kozi ya wiki mbili kila mwaka, ukampa daftari la kuandika uzito, umri na mapambano ya kila mtoto, na ukamfungulia njia ya kumpeleka mtoto wake bora kwenye klabu yenye mwajiri, umeirudisha ile ngazi. Fedha zake hazifikii gharama ya kambi moja ya ng'ambo. Iten ilifanya jambo la namna hiyo tangu 1976, pale Brother Colm O'Connell alipofika shule ya St Patrick's kufundisha jiografia, akakaa, na miaka ikapita akiwa kwenye uwanja uleule wa udongo mpaka akamfikisha mkimbiaji David Rudisha kwenye rekodi ya dunia. Alifika bila ujuzi wa ukocha. Alichokuwa nacho ni muda, na muda ndio tunaowanyima makocha wa Eastlands.

Paris mwaka 2024 Kenya haikupeleka bondia hata mmoja. Ndondi zimethibitishwa kuwemo Los Angeles 2028, mji uleule ambako Bilali alipata shaba yake. Atakayekwenda huko kutoka Eastlands, kama atakuwepo, tayari ana umri wa kushika glavu. Huenda jioni hii yumo katika lile kundi la ngazini. Kocha amechelewa, matatu zimekwama Jogoo Road, na giza linaanza kuingia. Mmoja wao ameokota kipande cha chaki kilichodondoka jana, ameinama kwenye saruji ya kibarazani, anachora mstari, anaweka mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, na kumwambia mdogo wake asimame nyuma yake afuatishe.